Barua ya vita sandukuni: iuzwe au itunzwe?

IRINGA. Magari ya watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Idodi yakiacha vumbi, na ndiyo yaliyompa kijana mmoja wa sekondari wazo la kuuza barua ya babu yake.

Barua yenyewe ni karatasi moja ya daftari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu mwaka 1979 wakati wa Vita vya Kagera. Kijana alisoma mtandaoni kwamba barua za vita zenye saini za kina Lincoln na Churchill huuzwa kwa fedha nyingi. Ya babu itakosa hata laki? Mama yake akaifungia sandukuni na ufunguo akaufunga kwenye khanga.

Ukweli ni kwamba sokoni kinachonunuliwa ni jina. Wanunuzi hutaka saini ya mkono, si ya muhuri, na bado hutapeliwa: mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilinunua shajara za Hitler, kumbe zimeghushiwa. Karatasi ndiyo iliyoumbua, ilitengenezwa baada ya vita.

Thamani nyingine haina bei. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao kusini, alimwandikia kwa Kiswahili kamishna wa Kijerumani Wissmann: urafiki yuko tayari, kutawaliwa hapana. Barua hiyo ikabaki. Isingebaki, leo tungemsikia kupitia maneno ya waliompiga tu.

Kwa hiyo mzazi, fungua sanduku, lakini kwa tahadhari. Karatasi za zamani hubeba ukungu na vumbi. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu, zikung'utie nje, yeye akiwa mbali. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, viondoe kabisa. Watoto hudhani ni pipi. Dawa iliyomo, naftalini, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kawaida katika maeneo yenye malaria. Mtoto akimeza, mkimbize kituo cha afya, usimtapishe.

Barua iliyochanika usiibandike selotepu, gundi yake huila karatasi. Wala usiipeleke steshenari ikafungiwe ndani ya plastiki ya moto, maana haitoki tena. Bahasha safi, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko, inatosha. Nyaraka nzito zaidi zinaweza kupelekwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwa ushauri.

Idodi, mama na mwanawe walikubaliana jambo moja: ipigwe picha kwa simu kwanza. Kijana alipoikuza picha ya upande wa nyuma, akasoma mstari uliofifia. Babu alikuwa anauliza kama mtoto ameshaanza kutambaa. Mtoto huyo ni baba yake, ambaye sasa ana mvi, na hakuwa amewahi kuusoma.