Mgonjwa wa Parkinson na hofu ya saratani

Je, una mzazi anayetetemeka mikono na kuburuta miguu kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson? Huenda umejiuliza kama maradhi hayo yatamletea saratani pia.

Jibu lina pande mbili. Uchunguzi wa Denmark uliotangazwa mwaka wa 2005, uliohusu wagonjwa zaidi ya 14,000, ulionyesha kuwa kwa jumla wao hupatwa na saratani kidogo kuliko watu wengine, hasa ya mapafu. Sababu moja ni kwamba wengi wao si wavutaji sigara.

Lakini saratani ya ngozi iitwayo melanoma iliwapata karibu mara mbili zaidi. Wengine walilaumu levodopa, dawa ya Parkinson, kwa kuwa mwili hutumia kemikali hiyo kutengeneza rangi ya ngozi. Hata hivyo, hatari hiyo huonekana hata kabla mgonjwa hajaanza dawa. Kwa hivyo usimwachishe mzee wako dawa zake.

Usidhani ngozi nyeusi ni kinga kamili. Kwetu Waafrika melanoma ni nadra, lakini mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka wa 1981, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Unapomwosha mzazi wako miguu, kagua nyayo na kucha. Ukiona alama nyeusi inayokua, au kidonda kisichopona, mpeleke kwa daktari mapema.