Tumbo Likiendesha, Ulizia Maji Kwanza

Mtu mzima anayeharisha akifika duka la dawa, mara nyingi huwa ameshajiandikia tiba. "Dada, nipe Flagyl, tumbo linaniendesha tangu jana usiku." Anapewa, pengine na vidonge vya siprofloksasini juu yake, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemuuliza mara ya mwisho amekojoa saa ngapi, na hilo ndilo swali ambalo ningetaka liulizwe kwanza, iwe dukani, nyumbani au zahanati.

Kitabibu, kuharisha ni kupata choo chepesi au cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Kunakoanza ghafla, kukiwa na kutapika au bila kutapika, kwa watu wazima huletwa zaidi na virusi, hasa norovirusi, au na bakteria na sumu zao kwenye chakula. Wagonjwa wengi hupona wenyewe ndani ya siku chache. Metronidazoli, ambayo ndiyo Flagyl, haiui virusi. Ni dawa ya vimelea kama amiba na giadia, na naamini amiba huandikwa kwenye kadi za wagonjwa mara nyingi kuliko wanavyowaumiza wagonjwa wenyewe. Darubini haiwezi kumtofautisha amiba anayeleta ugonjwa na mwenzake anayefanana naye kwa umbo ambaye hukaa tumboni bila kudhuru mtu.

Kipimo cha Widal, kinachotumika kutafuta taifodi, nacho kina matatizo yake. Hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya bakteria wa taifodi, na katika nchi ambako taifodi ipo, mtu mwenye afya njema anaweza kuwa nao kutokana na maambukizi ya zamani. Jibu moja la siku moja halithibitishi ugonjwa. Taifodi ya kweli huja na homa inayopanda kwa siku kadhaa, kichwa kinauma, tumbo linauma, na wengine hufunga choo badala ya kuharisha. Huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Mtu aliyeanza kutapika jana saa mbili usiku baada ya shughuli hana sura hiyo.

Kwa hiyo tunaanza na maswali. Ulikula nini, na dalili zilianza baada ya saa ngapi? Kutapika kunakoanza kati ya saa moja na saa sita baada ya kula huelekeza kwenye sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula. Wali ni mfano mzuri. Ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha bila kupozwa, bakteria aitwaye Basilasi sereasi huzaliana na kutoa sumu isiyoharibiwa na moto, na kuupasha asubuhi hakusaidii. Mgonjwa wa namna hii anateseka sana kwa saa chache, kisha anapata nafuu. Antibayotiki haina cha kumfanyia.

Swali la pili ni choo chenyewe kikoje. Choo chenye damu na makamasi, pamoja na homa na kukata tumboni, hunifanya nifikirie bakteria wa Shigela au Kampailobakta. Huyu ndiye mgonjwa anayestahili kupimwa choo na mara nyingi kupewa antibayotiki. Choo kinachotoka kwa wingi, kisicho na maumivu makubwa, kinachofanana na maji yaliyooshea mchele, ni kipindupindu mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu huyo apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, huku akinyweshwa ORS (maji ya chumvi na sukari ya paketi) njiani, kwa sababu anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Na kwa kuwa tuko kwenye ukanda wa malaria, mwenye homa apimwe malaria pia, maana nayo hutapisha na kuharisha. Maumivu yaliyong'ang'ania upande mmoja wa tumbo, au mwanamke aliyekosa hedhi na tumbo linamuuma, hao wana njia nyingine ya uchunguzi na wasitulizwe kwa maneno kwamba ni chakula tu.

Kisha namwangalia. Midomo na ulimi vimekauka? Macho yameingia ndani? Mapigo ya moyo yanakimbia? Akisimama anaona kizunguzungu, na presha inashuka? Ngozi ya tumbo nikiifinya na kuiachia, inarudi mara moja au inabaki imesimama? Kwa wazee ngozi hudanganya, kwa kuwa imelegea kwa umri, hivyo naamini zaidi mkojo na presha. Mkojo mchache wa rangi nzito unaniambia ana deni la maji. Asipokojoa kabisa kwa saa sita au nane, figo ziko hatarini.

Tiba kuu ya deni hilo, ORS, inauzwa kwa bei ndogo, na kwa sababu ni ndogo watu huidharau. Ukuta wa utumbo mdogo una njia inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo huendelea kufanya kazi hata katikati ya kipindupindu. Ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo huingia mwilini, ilhali maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea. Mwaka 1968 madaktari walionesha huko Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa hivyo kwa kunywa. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, Dk. Dilip Mahalanabis alipungukiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kosa hutokea kwenye kuchanganya. Paketi ya ORS ya lita moja humiminwa kwenye chupa ya lita moja na nusu kwa kuwa ndiyo iliyopo, au hugawanywa kwa kukisia kwenye glasi. Soma paketi inataka maji kiasi gani, tumia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, na usiongeze sukari ili kupata ladha. Kisichomalizika ndani ya saa 24 kimwagwe. Paketi ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji. Mtu mzima anywe mililita 200 hadi 400 kila baada ya kuharisha. Akitapika, asubiri dakika kumi, kisha aendelee kwa kunywa kidogo kidogo. Soda ina sukari nyingi inayovuta maji kuja utumboni. Dafu lina potasiamu ya kutosha lakini sodiamu yake ni ndogo. Chakula kisikatwe: uji, wali, ndizi, mtori, chochote anachoweza.

Wagonjwa wengi huomba dripu. Inahitajika kwa aliyezidiwa: amelegea, hawezi kunywa, presha imeshuka. Kwake hupimwa kwa uzito. Mtu wa kilo 60 huhitaji takriban lita sita za Ringer lactate ndani ya saa tatu. Chupa moja ya nusu lita ya glukosi tupu, ile "ya kuongeza nguvu", haina chumvi na haimtibu.

Loperamidi hupunguza safari za chooni kwa mtu mzima asiye na homa wala damu kwenye choo. Vyote viwili vikiwepo, au kimojawapo, iachwe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ndugu zake ziepukwe, kwani huumiza figo zilizokaukiwa. Anayetumia vidonge vya presha, vya kukojosha maji, au metifomini ya kisukari amwambie daktari mapema, kwani baadhi husimamishwa mpaka aanze kula na kunywa vizuri.

Kuharisha kukivuka siku 14, hesabu inabadilika. Hapo ndipo kupima choo kutafuta giadia, kupima VVU, na kupitia upya dawa zote alizotumia, pamoja na antibayotiki zilizonunuliwa dukani, kunapokuwa na maana.