Bangi Halali na Bangi ya Magendo: Mnunuzi Huchaguaje?

Serikali inapoiondolea bidhaa marufuku, wengi hudhani kwamba magendo hufa siku hiyo hiyo. Mambo yaliyotokea Kanada yanaonyesha kuwa sivyo. Nchi hiyo ilihalalisha bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, lakini katika miaka ya mwanzo wavutaji wengi waliendelea kununua kwa walanguzi wao wa zamani. Katika Tanzania na Kenya bangi ingali haramu, na makala haya hayakusudii kuamua kama yafaa kuhalalishwa. Swali letu ni la kitaalamu: mtu mwenye njia mbili za kukipata kitu kile kile, moja ya sheria na nyingine ya kificho, huongozwa na nini?

Aghalabu huanza na bei. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2019, idara ya takwimu ya Kanada ilikadiria kuwa gramu moja ya bangi halali iliuzwa kwa dola 10.30 za nchi hiyo, na ile ya magendo kwa dola 5.73. Hesabu hizi hazina budi kusomwa kwa hadhari, maana zilitolewa na watu waliojitolea wenyewe, wala hawakuteuliwa kwa kufuata kanuni za sampuli. Hata hivyo, sababu ya tofauti hiyo haifichiki. Mlanguzi halipi leseni, halipi maabara, wala halipi ushuru. Mzalishaji halali hutozwa dola 1 kwa gramu au asilimia 10 ya bei yake, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo gramu ikiuzwa na mzalishaji kwa dola 4, robo nzima ya fedha hiyo ni ushuru.

Jambo la pili ni umbali. Jimbo la Ontario, lenye watu wengi kuliko yote nchini humo, halikuwa na hata duka moja halali la kuingia kwa miguu hadi tarehe 1 Aprili 2019. Na hapo yaliruhusiwa maduka 25 tu, ambayo wenyewe walipatikana kwa bahati nasibu! Mnunuzi alipaswa kuagiza kwa mtandao na kungoja posta, ilhali mlanguzi alikuwa jirani. Maduka yalipozidi 1,000 mwaka 2021, hali ilikuwa nyingine kabisa.

Uruguay, iliyotangulia kupitisha sheria ya namna hii mwaka 1913 ukiongeza karne moja, yaani 2013, ilikumbana na kikwazo cha aina yake. Kule mnunuzi hana budi kujiandikisha serikalini kabla ya kuuziwa katika duka la dawa, na wageni hawaruhusiwi. Asiyetaka jina lake liingie daftarini hubaki alikokuwa.

Je, mnunuzi hajali ubora? Hujali, na hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watafiti waliwauliza wavutaji wangenunua kiasi gani kila bei inapobadilika. Ilionekana kuwa bangi halali huvuta wateja wa magendo kwa nguvu zaidi kuliko magendo yanavyovuta wateja wa halali. Maana yake ni kwamba watu wako tayari kulipa ziada kwa ajili ya usalama, ila ziada hiyo ina mpaka.

Usalama huo si maneno matupu. Uchunguzi wa kimaabara uliochapishwa Kanada mwaka 2023 ulikuta mabaki ya dawa za kuua wadudu na ukungu katika asilimia 92 ya sampuli za magendo, na asilimia 6 tu ya sampuli halali. Miongoni mwa dawa zinazotumiwa na wakulima wa kificho ni miklobutanili, ambayo huzuia ukungu. Ikichomwa hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali. Mvutaji hawezi kuiona kwa jicho, kama vile mnywaji wa gongo asivyoweza kuiona methanoli.

Nchini Marekani maafa yalikuwa makubwa zaidi. Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vifaa vya kuvuta mvuke, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Kisababishi kikuu kilichoshukiwa kilikuwa asetati ya vitamini E, mafuta mazito yaliyotumiwa kuongezea ujazo wa bidhaa za bangi, hasa zile za vichochoroni. Tukumbuke lakini kuwa cheti cha maabara hakiondoi madhara ya moshi wenyewe, wala madhara ya bangi kwa ubongo wa kijana.

Siku hizi zaidi ya theluthi mbili ya watumiaji wa Kanada husema kuwa kwa kawaida hununua kwa njia halali. Baadhi ya waliobaki hawajui hata kuwa wanavunja sheria: tovuti za magendo hupambwa vizuri, hupokea malipo, na kutuma vifurushi vilivyofungwa nadhifu. Alama ya kutazamwa ni stempu ya ushuru juu ya kifungashio, ambayo kila jimbo lina rangi yake.