Jua la Kike, Mwezi wa Kiume

Mmaasai huliita jua enkolong na mwezi huuita olapa. Ile en- ya mwanzo ni alama ya jinsi ya kike, ile ol- ni ya kiume, na karibu kila nomino ya Kimaasai imeegemea upande mmoja kati ya hizo mbili. Wajerumani nao jua lao ni la kike, die Sonne, na mwezi wao ni wa kiume, der Mond. Ukienda kwa Wafaransa mambo yanapinduka: le soleil ni dume, la lune ni jike. Sisi wa Kiswahili hatumo kabisa katika ubishi huo. Jua letu huchwa, mwezi wetu huandama, na ngeli zetu hazijali nani mume nani mke.

Nimeanzia huko angani kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimeisikia katika vyumba vya walimu mara nyingi mno: "Hawa watoto hawana lugha." Husemwa bila ubaya, chai ikiwa mezani, kuhusu wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanaotoka katika jamii za wafugaji. Anayesema hivyo ana maana kwamba Kiingereza chao ni haba na Kiswahili chao kinachechemea. Mwanafunzi anayetoka Enguserosambu, kata ya Tarafa ya Loliondo iliyo jirani na mpaka wa Kenya, huingia sekondari hukumu hiyo ikiwa imeshamtangulia. Mimi nafundisha walimu wa lugha, na nasema hukumu hiyo ni ya uongo. Mtoto huyo anakuja na funguo za lugha za kigeni ambazo mwenzake wa Tanga au Kariakoo hana. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwomba azitoe mfukoni.

Tutazame kwanza alipotoka. Wilaya ya Ngorongoro, yenye Loliondo, na jirani yake Karatu zina mchanganyiko wa lugha ambao nchi nyingi hazina. Karatu kuna Wairaqw, na lugha yao ni ya Kikushi. Kando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, wenye sauti za kubofya ulimi na lugha isiyo na ndugu aliyethibitishwa, wakipakana na Wadatoga ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Ukipanda Ngorongoro na kushuka kuelekea Loliondo unaingia katika Kimaasai, ambacho ni Kiniloti pia lakini cha tawi jingine. Katikati ya Wamaasai hao, upande wa Sonjo, Watemi wanazungumza Kibantu. Mtoto wa Kitemi akikutana na Kiswahili Darasa la Kwanza anakutana na binamu: viambishi vya nomino anavijua, upatanisho anaujua, kazi yake ni kubadilisha maneno. Mtoto wa Kimaasai anakutana na mgeni. Kiswahili ni lugha yake ya taifa, sawa, lakini kwa muundo ni lugha ya kigeni kama Kifaransa kilivyo kigeni kwa Mzaramo.

Hapo ndipo hesabu ya shule inapoharibika. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali tangu 1967. Kiingereza ni somo huko, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekirudisha Darasa la Kwanza. Kisha mwanafunzi anafika Kidato cha Kwanza na ghafla kile kilichokuwa somo kinakuwa njia ya kupata karibu masomo mengine yote: baiolojia, jiografia na kadhalika. Shule humpa kozi ya kumvusha, ya wiki chache. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, alionyesha tangu 1979 kwamba kuna lugha ya kuombea chumvi na kuna lugha ya kuelezea usanisinuru, na kwamba hizo ni stadi mbili tofauti. Ya kwanza mtoto anaweza kuipata kwa miaka miwili hivi akiwa amezungukwa na wasemaji. Ya pili huchukua miaka mitano hadi saba. Nani Enguserosambu amezungukwa na wasemaji wa Kiingereza? Na sisi tunahesabu kwa wiki.

Jambo hili si geni serikalini. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari na kukuta kwamba wengi hawakiwezi kiasi cha kusomea masomo mengine. Pendekezo la Tume halikutekelezwa. Sitaki kuufukua mjadala huo. Umeshakula karatasi nyingi na mishahara ya maprofesa wengi, wangu ukiwemo. Nataka kusema juu ya kitu ambacho mwalimu anaweza kukifanya Jumatatu asubuhi bila waraka wa mtu.

Kwanza, makosa. Mwanafunzi anaandika "My father he is coming" na mwalimu anaweka mkasi mwekundu. Lakini kosa hilo lina ukoo. Kiswahili kinasema "Baba anakuja": yumo baba, na imo a- ya kumrejelea. Kimaasai nacho kinaweka kiambishi mwanzoni mwa kitenzi: adol ni naona, idol ni unaona, edol ni anaona. Lugha mbili za mtoto zimemfundisha kwamba kitenzi hakitembei bila mtendaji wake. Anapoweka "he" anatimiza wajibu. Ukimwonyesha hivyo ubaoni, mistari mitatu, lugha tatu, anaelewa kwa nini Kiingereza kinamtaka aondoe kitu ambacho kwao ni adabu. Ukikata tu kwa wino mwekundu, kesho atakirudisha.

Au chukua sauti. Kimaasai asilia hakina f, v wala z. Meza ya Kiswahili ilipoingia Umaasaini ikawa emesa. Mtoto anayesema "sebra" badala ya "zebra" si mzito wa ulimi. Anapita njia ileile ambayo meza ilipitia. Dawa yake ni dakika tano za kuweka mkono kooni na kusikia z ikitetemesha pale ambapo s haitetemeshi, kila siku kwa wiki mbili. Si kumcheka mbele ya darasa.

Sasa tuje kwenye utajiri. Hiyo emesa imeingia na e- ya kike. Shule, ambayo Kimaasai kimeichukua kutoka Kiingereza, ni esukuul, nayo ya kike. Kitabu ni embuku, cha kike vilevile. Maana yake mtoto huyu amekua katika lugha ambayo kila neno geni likifika mlangoni linapewa jinsi kabla ya kupewa kigoda. Anajua pia kwamba jinsi hiyo huburuta maneno mengine: "huyu" au "hii" kwa kiume ni ele, kwa kike ni ena. Mwalimu wa Kifaransa Dar es Salaam hutumia muhula mzima kuwashawishi wanafunzi wanaozungumza Kiswahili tu kwamba meza inaweza kuwa mwanamke na kwamba ce na cette si mapambo. Enguserosambu angeweza kuanza na la table na une école, zinazolingana na emesa na esukuul, kisha maji, enkare kwa l'eau, yote ya kike pande zote mbili. Baadaye awatege: moto ni enkima, wa kike, lakini Mfaransa anasema le feu. Kitabu, le livre. Jua, le soleil. Wanafunzi watabisha. Wabishe, somo la jinsi za nomino likizua ubishi limeshafundishika nusu.

Kuna mahali ulinganisho huu unakwama, na mwalimu apajue mapema. Jinsi ya Kimaasai mara nyingi hubeba maana ya ukubwa. Olalem ni jisu refu la kiume, enkalem ni kisu kidogo. Kifaransa hakina mchezo huo: le couteau ni wa kiume hata akiwa wa kumenyea ndizi. Mtoto wa Kimaasai atatafuta sababu ya kila jinsi, na Kifaransa kitamvunja moyo kwa sababu mara nyingi hakina sababu. Vilevile asidhani kwamba mwenye ol- na en- hatachanganya "he" na "she". Atachanganya sana, kwa kuwa ninye ya Kimaasai ni yeye wa kiume na yeye wa kike kwa pamoja, kama yeye yetu.

Kitu cha thamani kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni toni. Kimaasai huanza sentensi kwa kitenzi, na kinachotenganisha mtenda na mtendwa ni kupanda na kushuka kwa sauti juu ya nomino. Sarufi ya Kimaasai ya Tucker na Tompo ole Mpaayei, iliyochapishwa 1955, inalieleza jambo hili kwa kina. Ukiandika edol embarta bila alama za toni, msomaji hawezi kujua kama mtu anamwona farasi au farasi anamwona mtu. Msikilizaji anajua papo hapo. Sasa mpeleke mtoto huyo kwenye darasa la Kichina, ambako ma kwa toni nne ni mama, katani, farasi au kukaripia. (Farasi tena, sijui kwa nini wanaisimu hawawezi kumwacha mnyama huyu.) Toni ya Kichina hufanya kazi nyingine, hubadili neno lenyewe, lakini sikio linalohitajika ni lilelile, na sikio hilo ndilo Mswahili hana. Vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam vina Taasisi za Confucius tangu 2013, na Kichina kimo katika mtaala wa sekondari pamoja na Kifaransa na Kiarabu. Nani ameshafikiri kuwatafuta wanafunzi wa Kichina Loliondo?

Na kazi ipo. Karatu ni mji unaoishi kwa wageni wanaopanda kreta, na wageni hao hawatoki Uingereza na Marekani peke yake. Wajerumani wengi wamelelewa na filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ya mwaka 1959; yeye na mwanawe Michael wana mnara wao wa ukumbusho ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwongoza watalii anayeweza kueleza oltarakwai, yaani mtarakwa wa misitu ya Loliondo, kwa Kijerumani au Kifaransa ana bidhaa ambayo mwenzake wa Kiingereza pekee hana. Leo ujuzi huo hununuliwa Arusha mjini, kwa ada, na vijana ambao mara nyingi hawajui mtarakwa ni mti gani.

Walimu huniuliza: je, nitalinganishaje na Kimaasai ambacho mimi Mhaya sikijui? Jibu ni kwamba wanafunzi wanakijua. Wewe uliza, wao wajibu, andika ubaoni. Niliwahi kujaribu kutamka toni za Kimaasai mbele ya darasa na wakacheka hadi mlinzi akachungulia dirishani. Kipindi kilichofuata walikuwa wepesi wa kujaribu Kiingereza, kwa sababu walishaona mtu mzima akikosea na kubaki hai. Ninalinganisha hilo na shule ambazo mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kuzungumza lugha ya nyumbani. Sijaona kibao kilichomfundisha mtu sarufi.

Kwa mwalimu uliyepangiwa Loliondo mwaka huu: fika darasani na safu mbili ubaoni, ol- na en-, na uwaombe maneno ishirini. Waache wabishane wapi pa kuliweka jua. Kisha andika safu ya tatu, ya Kiingereza au Kifaransa, na uanze kufundisha.