Lenzi Pana Huona Mengi, Kipimo Hudanganyika

Atakaye kupiga picha ya kichochoro cha Lamu ionyeshe kuta za pande zote mbili, wapita njia na hata ukanda wa mbingu ulio juu yao, hana budi kutumia lenzi pana sana. Lenzi ya milimita 20, katika kamera ya filamu ya milimita 35, huona digrii 94 kutoka pembe hadi pembe. Lakini wengi, filamu ikisha kusafishwa, hukuta mbingu imetoka vizuri nao watu wamekuwa vivuli vyeusi visivyo na macho.

Filamu haina lawama. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui mtu wala mbingu. Hukadiria kila kitu kana kwamba ni cha rangi ya kijivu. Chukua mfano wa Nikon FM2, iliyotolewa mwaka 1982. Kipimo chake hutegemea kwa asilimia 60 duara la katikati lenye upana wa milimita 12. Kwa lenzi ya milimita 50, duara hilo huona kama digrii 14 tu. Kwa lenzi ya milimita 20, duara lile lile huona digrii 33: uso, ukuta, na mara nyingi mbingu yenye kung'aa. Hapo mbingu hushinda, na kipimo hukuambia upunguze mwanga.

Dawa yake ni rahisi. Inamisha kamera mpaka mbingu isionekane kabisa, upime pale kivulini aliposimama mtu unayemtaka. Weka tundu la lenzi na kasi kwa mkono, kisha inua kamera upige, hata kipimo kikikukatalia. Au pima kiganja chako kikiwa katika mwanga ule ule ulio usoni pake, halafu ongeza mwanga hatua moja, kwa maana kiganja kwa kawaida hung'aa kuliko kijivu.

Pembe za picha nazo huingia giza. Kufunga tundu hadi f/8 husaidia. Kichujio chenye pete nene huharibu zaidi. Kumbuka pia kwamba filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua, lakini slaidi haisamehi.

Filamu moja ina picha 36, nayo siku hizi ni ghali. Kamera itakufanyia hesabu, bali kuchagua cha kupimwa ni kazi yako. Katika kichochoro, kinachostahili kupimwa kwanza ni uso wa mtu.