Meza ya Saa Moja Usiku: Kupanga Nafasi na Arbuni Bila Kugombana na Mteja

Mwenye duka asipouza sukari leo, ataiuza kesho. Mwenye mkahawa hana bahati hiyo. Kiti kilichokaa kitupu saa mbili usiku Jumamosi kimepotea kabisa, na ile nyama uliyokoleza viungo kwa ajili ya watu kumi walioingia mitini nayo iko njiani kupotea. Ndiyo maana leo tunaongea na wewe unayepokea malipo kwa till mkahawani, na pia wewe unayelipa. Tuangalie vile meza zinapangwa, na vile pesa inaingia katikati ya mpango huo.

Tuanze na hesabu. Tuseme una meza 12 za watu wanne wanne, yaani viti 48, na jikoni yako iko wazi kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Watu wakikaa saa moja na nusu hadi saa mbili, kila meza inaweza kupokea wageni mara mbili. Kwa karatasi, hao ni watu 96. Lakini ukiacha kila mtu abuku saa moja na nusu kwa sababu ndiyo saa inayopendwa, meza zote zinajaa pamoja na zinafunguka pamoja, karibu saa tatu na nusu, wakati wengi wa kula wameshafika kwao. Umeuza viti 48 tu. Na hao 48 hawatatoka na furaha, kwa maana oda zao zote ziliingia jikoni kwa dakika kumi na mpishi ana mikono miwili.

Kwa hivyo gawa saa. Pokea meza tatu saa kumi na mbili na nusu, tatu saa moja kasorobo, tatu saa moja kamili, na tatu saa moja na robo. Jikoni sasa inapokea oda za watu 12 kwa wakati mmoja, na kufikia saa mbili na nusu meza za kwanza ziko tayari kwa wageni wengine. Mteja akitaka saa moja na imejaa, usimwambie "hakuna nafasi." Mwambie, "Saa moja kasorobo iko, na saa mbili na nusu pia iko. Utachukua gani?" Wengi huchagua moja.

Ukubwa wa meza pia ni pesa. Watu wawili wakikalia meza ya wanne, viti viwili vimelala. Meza ndogo za wawili zinazoweza kuunganishwa zitakufaa kuliko meza kubwa nzito, hasa tarehe 14 Februari ambapo karibu kila mtu anakuja wawiliwawili.

Halafu kuna hili la saa, ambalo linaleta ugomvi kuliko unavyodhani. Mteja anaandika "saa 7" akimaanisha saa moja usiku, kwa sababu simu yake inaonyesha 7:00. Mhudumu anasoma saa saba na kuandika mchana. Kwenye ujumbe wako wa kuthibitisha, andika namna zote mbili: "Ijumaa, saa moja usiku, 19:00, watu 6." Ni herufi chache tu, na zinaokoa jioni nzima.

Tukija kwa nyama choma, mambo yanabadilika kidogo. Mguu wa mbuzi unaweza kuchukua saa nzima motoni au zaidi, na ule mtindo wetu wa kuchagua nyama ukifika ndio unafanya meza ishikwe muda mrefu na watu wanaokunywa soda wakingoja. Ukimwomba mteja aagize nyama anapobuku, unaiweka motoni kabla hajafika. Yeye hangoji, na wewe unapata meza yako mapema. Lakini sasa umeshakata nyama ya mtu ambaye hujamwona. Hapo ndipo arbuni inaingia, ile wengi tunaiita dipositi.

Maoni yetu ni kwamba usimtoze kila mtu. Wateja wengi wamezoea kuingia tu bila kubuku, na ukiwadai arbuni wawili wanaotaka kula samaki Jumanne jioni, wataenda kwa jirani. Arbuni iwe kwa makundi, tuseme kuanzia watu sita, kwa oda za kupikwa mapema, na kwa siku zenye msongamano. Iwe kiasi kidogo kinachoeleweka: KSh 500 kwa kila mtu, kwa kundi la watu sita, ni KSh 3,000. Na itolewe kwenye bili. Mteja asiione kama faini ya kuja kula kwako.

Sema masharti kabla pesa haijatumwa. Akighairi hadi saa ngapi anarudishiwa? Ada ya kurudisha inalipwa na nani? Meza itashikwa dakika ngapi akichelewa? Mikahawa mingi husema dakika 15, lakini ikinyesha Nairobi Ijumaa jioni, dakika 15 ni mzaha. Mtu anaweza kuzimaliza kwa mzunguko mmoja tu wa barabara. Piga simu kwanza kabla ya kutoa meza yake.

Kuhusu njia ya kupokea, kumbuka kwamba till haina mahali pa kuandika nambari ya akaunti, lakini paybill inapo. Kama una paybill, mpe kila mteja neno fupi la nafasi yake aliandike pale kwenye akaunti, na kulinganisha malipo na meza kutakuwa rahisi. Kama una till, andika nambari ya muamala kwenye daftari la nafasi, kando ya jina.

Mwezi wa Ramadhani hauendi na mpango huu wa robo saa. Mkahawa wa Mombasa unaofuturisha hauwezi kumwambia mtu aje saa mbili na nusu. Adhana ya magharibi ni moja, karibu saa kumi na mbili na nusu, na kila mtu anataka awe ameshakaa. Hapa usigawe wageni, gawa kazi. Tende, maji, uji na vitafunio viwe mezani kabla ya adhana, kisha pilau itoke watu wakimaliza kuswali. Ule muda wa swala ndio pumzi ya jikoni. Unachohitaji ni idadi ya watu kufikia mchana, na malipo yaliyomalizika mapema, maana baada ya kula wengi wanakimbilia tarawehe na hakuna anayetaka kupanga foleni kwa keshia.

Sasa tuseme juu ya wezi. Mwenye mkahawa, usikubali ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, au picha ya ujumbe, kuwa ushahidi wa arbuni. Angalia taarifa ya till yako mwenyewe. Kuna mchezo wa mtu kukutumia ujumbe wa uongo, halafu anapiga simu: "Nimetuma 5,000 badala ya 500, tafadhali nirudishie." Kabla hujarudisha hata shilingi, hakikisha hiyo pesa iliingia kweli, na uirudishe kwa nambari iliyotuma tu, wala si kwa "nambari ya ndugu yangu."

Pia nambari za simu ulizopewa kwa ajili ya meza si zako za kutangazia biashara. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza mkahawa mmoja wa Nairobi KSh 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake.

Na wewe mteja: ukiombwa arbuni, lipa kwa till au paybill ya mkahawa, si kwa nambari binafsi ya mtu anayejiita meneja. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa si la mkahawa unaoujua, simama na uwapigie kwa nambari yao ya kawaida. Hifadhi ujumbe wa malipo hadi bili ya mwisho, na uhakikishe kile kiasi kimetolewa. Mipango ikibadilika, ghairi mapema. Simu ya saa sita mchana inampa mwenye mkahawa nafasi ya kuuza ile meza kwa mtu mwingine, na hapo ni rahisi zaidi kwake kukurudishia pesa yako.