Winnie Byanyima: Kutoka Bajeti ya Kampala hadi Jukwaa la Davos (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Winnie Byanyima akiwa ameacha kazi yake katika Shirika la Ndege la Uganda na kuingia msituni upande wa Yoweri Museveni. Kwa msomaji aliyekosa sehemu hiyo: alizaliwa Mbarara mwaka 1959, binti wa mwanasiasa mkongwe wa chama cha Democratic Party, Boniface Byanyima. Alisomea uhandisi wa ndege Chuo Kikuu cha Manchester, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuipata fani hiyo. Baada ya vita aliiwakilisha nchi yake Ufaransa kama balozi tangu 1989 hadi 1994. Leo tuanzie aliporudi nyumbani.

Aliingia Bunge la Katiba kwa kura za Mbarara Mjini. Wanawake wa bunge lile walishikana, na Katiba ya 1995 ikatoka na kifungu kinachowatengea wanawake theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa. Wengi wangeshangilia na kwenda zao. Byanyima na wenzake waliona kasoro iliyobaki: diwani mwanamke anaweza kukaa miaka mitano kwenye baraza asijue shilingi za halmashauri zinakokwenda. Ndipo wakaanzisha FOWODE, jukwaa la wanawake katika demokrasia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuichambua bajeti ya serikali kwa jicho la jinsia.

Hapa yafaa tutulie kidogo, maana kazi hii ndiyo inayosemwa haraka kuliko zote katika wasifu wake. Bajeti haiandiki popote kwamba inampendelea mwanamume. Imejaa mafungu tu: barabara, ulinzi, kilimo, afya. Wachambuzi wanachofanya ni kulishika kila fungu na kuliuliza maswali. Mafunzo ya kilimo yaliyolipiwa hapa, wanaoitwa ni wenye hati ya shamba au wanaolima? Fungu la zahanati likipunguzwa, mgonjwa aliyerudishwa nyumbani anauguzwa na nani? Jibu la swali la pili kila mtu analijua: anauguzwa na mama, au na binti aliyeacha shule. Serikali inaandika kwamba imeokoa fedha, kumbe gharama imehama tu, imetoka kwenye hesabu za Wizara ikaingia kwenye mgongo wa mtu asiyelipwa. Afrika Kusini walikuwa wametangulia kufanya uchambuzi wa namna hii tangu 1995, na hapa Tanzania mtandao wa jinsia, TGNP, walikuwa wakiufanya katika miaka hiyo hiyo. Nchi hizi zilijifunza moja kwa nyingine.

Baada ya Bunge la Katiba aliendelea kuwa mbunge hadi mwaka 2004, alipoondoka kwenda Umoja wa Afrika kuongoza kurugenzi ya wanawake, jinsia na maendeleo. Miaka miwili baadaye akahamia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, New York, kwa kazi inayofanana na hiyo. Ni vyeo vizito, lakini umma ulikuwa bado haujamjua.

Walimjua mwaka 2013, alipokabidhiwa uongozi wa Oxfam International. Oxfam ilizaliwa Oxford mwaka 1942, katikati ya vita, kwa ajili ya Wagiriki waliokuwa wakifa njaa chini ya uvamizi wa Wanazi. Kwa miongo kadhaa ilijulikana kwa chakula cha msaada, visima na maduka ya nguo za mitumba. Byanyima aliiongezea sauti ya namna nyingine. Mwanzoni mwa 2014 shirika lilitangaza kwamba matajiri 85 wa dunia walikuwa na mali sawa na ya nusu nzima ya binadamu, ile nusu maskini. Mwaka uliofuata walikuwa 80, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa Jukwaa la Uchumi la Dunia mjini Davos. Mwaka 2016 walikuwa 62. Mwaka 2017 walikuwa 8.

Namba hizi zilipenya hadi vijiwe vya kahawa, na hakuna ripoti ya Benki ya Dunia iliyowahi kufika huko. Ila zina udhaifu wake, na msomaji anastahili kuujua. Mali hupimwa kwa kutoa madeni. Kwa hesabu hiyo daktari kijana wa Marekani anayedaiwa mkopo wa chuo huonekana fukara kuliko mkulima wa Karagwe asiyedaiwa na mtu. Tena anguko la kutoka 62 hadi 8 halikutokea kwa mwaka mmoja. Takwimu mpya za China na India zilionyesha maskini wana kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na Oxfam wenyewe walieleza kwamba kwa takwimu hizo idadi ya 2016 ingekuwa 9. Kwa maoni yangu namba zile zilikuwa kengele ya kuita watu kikaoni. Kengele haiendeshi kikao.

Alipokuwa na nguvu zaidi ni pale alipoacha namba akataja watu. Davos, Januari 2019, aliyewahi kuwa mkuu wa fedha wa kampuni ya Yahoo alilalamika kwamba wazungumzaji wanaegemea upande mmoja, hawasemi kwamba ukosefu wa ajira umeshuka. Byanyima alimjibu kwa kuwataja wafanyakazi wa viwanda vya kuku nchini Marekani wanaovaa nepi kazini kwa sababu hawaruhusiwi kwenda msalani. Alitaka hadhi ya kazi ihesabiwe pia, siyo idadi ya ajira peke yake. Video ya jibu lile ilizunguka dunia nzima.

Lakini mwaka mmoja kabla yake nyumba yake mwenyewe ilikuwa imewaka moto. Februari 2018 gazeti la The Times la London lilifichua kwamba mwaka 2011 wafanyakazi wa Oxfam ya Uingereza walionunua ngono nchini Haiti, taifa lililokuwa likijiokoa na tetemeko la 2010, waliondolewa kimyakimya. Kosa lilitangulia uongozi wake, na lilikuwa la tawi. Hata hivyo aliomba radhi hadharani na kuunda tume huru, nayo ikakusanya malalamiko ya uonevu, ubaguzi wa rangi na tabia za kikoloni ndani ya shirika. Wakati huo makao makuu ya Oxfam International yalikuwa yakihamishwa kutoka Oxford kwenda Nairobi. Uamuzi huo ulipitishwa kabla ya kashfa, na baada ya kashfa hakuna aliyeweza kuuita mapambo.

Mimi katika kazi zake zote naipa uzito ile ya Kampala. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Uganda ya mwaka 2015, ambayo FOWODE waliipigania, inadai cheti kinachothibitisha kwamba bajeti imezingatia jinsia na usawa kabla Bunge halijaipitisha. Yeye alikuwa ameondoka bungeni zaidi ya miaka kumi.

Wiki ijayo: UNAIDS, bei ya dawa, na kukamatwa kwa mumewe, Kizza Besigye, jijini Nairobi.